Mzee Morris Nyunyusa: Kipofu Aliyezitangulia Habari

Msomaji wangu mpenzi, ikiwa umri wako wakaribia wangu, na ikiwa ulilelewa mahali popote katika mwambao wetu huu, basi hapana shaka kuna ngoma fulani ambazo masikio yako hayajazisahau. Hazikuwa ngoma za harusi wala za jando. Zilikuwa zikitoka ndani ya redio, nzito kwa nyepesi, zikifuatana mbio mbio kwa muda mfupi tu. Kisha zilinyamaza, na sauti ya mtangazaji ikasikika ikisoma taarifa ya habari kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam.

Mpigaji wa ngoma hizo aliitwa Morris Nyunyusa, na wenyewe wa Tanzania walimwita Mzee Morris. Ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze habari zake, nami nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba watu waliozisikia ngoma zake ni wengi mno, lakini waliolijua jina lake ni wachache, na hiyo si haki. Sababu ya pili inanihusu mimi mwenyewe. Ni deni, nalo nitalitaja kabla sijaweka kalamu chini.

Mimi ni mzaliwa wa Bamburi, upande wa bara wa barabara iendayo Malindi. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1954, kabla sijazaliwa, na mitaa yetu ilijaa wafanyakazi wa kila kabila: Wamijikenda wenye nchi yao, Waswahili kutoka kisiwani, na watu wa bara waliofuata kazi. Jioni, baada ya sala ya isha, ami yangu alikuwa na desturi ya kutoa redio yake ya betri akaiweka juu ya kiti barazani. Muuza kahawa naye aliweka birika lake hapo hapo, kwa kuwa alijua kuwa penye habari pana wanywaji. Sisi watoto tulikaa chini, vitabu vya chuoni mapajani, tukijifanya twadurusu.

Nakumbuka hasa miezi ya mwisho ya mwaka 1978 na ile ya mwanzo ya 1979, wakati wa vita vya Tanzania na Idi Amin. Siku hizo mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, na haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Pale Lungalunga gari halikupita, na mtu mwenye ndugu Tanga aliwaza sana namna ya kuwafikia. Walakini redio haikuhitaji ruhusa ya mtu. Saa mbili za usiku zilipofika, ngoma zilivuka mpaka zikaja mpaka baraza la ami yangu, na wazee wote wakanyamaza. Hata mwenye kikombe mdomoni alikishusha. Ngoma zile zilikuwa zikituambia kuwa jambo laja, lakini bado hatujui kuwa ni la heri au la shari.

Usiku mmoja yalizuka mabishano. Mzee mmoja alisema kuwa wapigaji wale hawapungui wanane. Mwengine akasema ni kumi, akahesabu kwa vidole: huyu ashika kubwa, huyu chapuo, huyu ajibu, na kadhalika. Alikuwako barazani bwana mmoja aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam kabla mpaka haujafungwa. Yeye alingoja wamalize, kisha akasema kuwa mpigaji ni mmoja, tena ni kipofu. Watu walicheka sana. Ami yangu alimwambia kuwa chai ya Dar es Salaam ilikuwa imemlevya. Yule bwana hakubishana, aliinua mabega tu akaomba kahawa nyengine.

Nilipokua na kuingia katika kazi hii ya uandishi, niliuliza nikapata yakini. Yule bwana alisema kweli. Mpigaji alikuwa mtu mmoja, na macho yake yalikuwa hayaoni.

Mzee Morris alikuwa mtu wa kusini ya Tanzania, Mkoa wa Lindi. Nchi hiyo, pamoja na jirani yake Mtwara, ni nchi ya ngoma kweli kweli. Ndiko waliko Wamwera, Wamakua na Wamakonde, na ngoma ya Wamakonde iitwayo sindimba ilisifika Tanzania nzima baada ya uhuru. Huko mtoto huanza kuzisikia ngoma kabla hajajua kutembea. Husikia za jando na unyago, za mavuno na za misiba. Kwa mtoto mwenye macho, ngoma ni kitu cha kutazamwa kwanza: miguu ya wachezaji, vumbi na njuga. Asiyeona hubakiwa na mlio peke yake, basi huujua mlio kuliko sote.

Hapa yafaa nieleze kidogo juu ya ngoma zenyewe, ili msomaji apime uzito wa kazi ya mtu huyu. Katika ngoma zetu za pwani, kila chombo kina mtu wake. Kuna msondo, ngoma ndefu ya kusimama. Kuna vumi, ambalo kazi yake ni kushika chini na kutotoka njiani. Kuna chapuo, ndogo, yenye kukata na kuchanganya. Pengine pana upatu na zumari. Kila mpigaji ana jambo moja la kufanya, naye hulifanya akimsikiliza mwenziwe. Utamu wa ngoma ni mapatano hayo. Ngoma ikiharibika, wapigaji hutazamana wapate kumjua mkosa.

Mzee Morris aliyatia mapatano hayo yote katika mwili mmoja. Alizungukwa na ngoma za ukubwa mbali mbali, akizipiga nyingi kwa pamoja hata zikafika kumi. Tafakari jambo hilo. Mtu ana mikono miwili. Ili ngoma kumi zisikike kama zapigwa kwa pamoja, mkono lazima uwe umekwisha kuondoka kwenye ngoma ya kwanza, umegusa ya pili na kurudi, kabla mlio wa ile ya kwanza haujafa. Ngoma kubwa hulia kwa kukawia na ndogo hukatika upesi, basi mpigaji huanzisha ile ikawiayo, na ndani ya mvumo wake akapenyeza hizi ndogo. Kazi hiyo yataka hesabu, na hesabu yenyewe haiandikwi popote ila kichwani.

Zaidi ya hayo, ngozi ya ngoma ni kitu chenye tabia. Asubuhi yenye umande hulegea, na juani hukaza. Mafundi wetu huiota moto kabla ya kuanza, huku wakiijaribu kwa kidole mpaka sauti ipande mahali pake. Mwenye ngoma moja huangalia moja. Mwenye ngoma kumi lazima azipatanishe zote, kila moja na dada yake, kama mpiga udi anavyozipatanisha nyuzi zake. Kisha lazima ajue kila moja iko wapi, kwa urefu wa mkono wake, pasi na kutazama. Ikisogezwa moja kiasi cha shubiri, mkono utaanguka kwenye ubao au kwenye hewa. Sisi tunaoona hatuwezi kulifanya hilo hata kwa masufuria matatu ya jikoni.

Basi ilikuwaje kipaji hicho cha kusini kikafika redioni? Yafaa tuukumbuke wakati wenyewe. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, ukiitwa Sauti ya Dar es Salaam, katika chumba kidogo tu. Mwaka 1956 likawa shirika la utangazaji la Tanganyika. Baada ya uhuru, mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa rais wa jamhuri aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika mbele ya wabunge kwamba wasomi wengi walijua kucheza dansi za Kizungu ilhali ngoma za kwao wenyewe hawakuzijua. Mwaka 1965 shirika lile la utangazaji likachukuliwa na serikali, na jina likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa hivyo redio mpya ilihitaji alama yake yenyewe. Redio nyingi za nchi zilizotawaliwa zilikuwa zikitanguliza habari kwa tarumbeta au kwa kengele, kwa kufuata London. Wao waliweka ngoma, na ngoma walizoweka ni za Mzee Morris.

Naliona chaguo hilo kuwa na hekima. Katika vijiji vya Afrika, na hapa kwetu pia, ngoma ndiyo iliyokuwa gazeti. Kulikuwa na mlio wa msiba, mlio wa hatari na mlio wa kuwaita watu kwa mfalme au kwa mzee wa mji. Hapa Mombasa, mpaka leo, mwezi wa Ramadhani wako vijana wapitao mitaani na ngoma na madebe kuamsha watu kwa daku. Mtu aliyelala hasikilizi maneno, lakini ngoma humfikia. Redio ile ilifanya vivyo hivyo: iliwaamsha watu kwanza, halafu ikasema nao.

Na habari zilizofuata ngoma zile hazikuwa ndogo. Katika miaka hiyo Dar es Salaam ilikuwa kituo cha wapigania uhuru wa kusini ya Afrika, na Radio Tanzania ilikuwa na matangazo maalum yaliyoelekezwa kwa watu wa Msumbiji, Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini. Mimi huwaza mara nyingi juu ya masikio yote yaliyokuwa yakingoja usiku. Mmoja yuko Bamburi barazani, mmoja ni mvuvi wa Pemba, mwengine ni mkulima wa Songea. Wote hao kabla ya kusikia neno lolote waliisikia mikono ya mtu mmoja asiyeona, na wala hawakumjua.

Jina lake lilivuka bahari pia. Mwaka 1970 yalifanywa maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa Osaka, Ujapani. Yalifunguliwa mwezi Machi na kufungwa Septemba. Nchi 77 zilishiriki, na watu waliokwenda kuyatazama walizidi milioni 64. Marekani walileta jiwe lililotoka mwezini, na watu walipanga foleni kwa saa nyingi ili walione. Wengine walileta mitambo na magari ya ajabu. Tanzania ilikuwako, na miongoni mwa waliokwenda kuiwakilisha ni Mzee Morris na ngoma zake.

Wajapani si wageni wa ngoma. Wanazo zao, kubwa kama mapipa, ziitwazo taiko, ambazo hupigwa na kundi la watu waliojifunza kwa miaka, nao huinua fimbo na kuzishusha kwa pamoja. Watu wa namna hiyo hawadanganyiki kwa kelele. Walipoketi mbele ya mzee kutoka Lindi, waliweza kujua kuwa mtu huyu peke yake amekuwa kundi zima. Na tazama ajabu: watu walivuka bahari ili wakatazame, naye alikwenda kati yao asiweze kutazama kitu hata kimoja, si jiwe la mwezi wala taa za usiku. Yeye alikwenda kusikilizwa.

Siku hizi Ulaya kuna watu wafanyao kazi iliyo karibu na yake, nao huitwa wapiga ngoma pekee. Zamani katika zile okestra zao kubwa, mpiga ngoma alikaa nyuma kabisa ya wapiga fidla. Aliweza kuhesabu kimya kwa robo saa nzima, akainuka akapiga toazi mara moja, kisha akakaa tena. Haikudhaniwa kuwa mtu wa ngoma anaweza kusimama mbele peke yake na watu wakalipa kiingilio kumsikiliza. Aliyelivunja jambo hilo zaidi kuliko wote ni mwanamke wa Scotland, Evelyn Glennie, aliyezaliwa mwaka 1965. Masikio yake yalianza kupotea utotoni, na alipofika umri wa miaka 12 alikuwa karibu kiziwi kabisa. Alisoma katika chuo kikuu cha muziki London, akawa msanii wa kuitwa dunia nzima. Hupiga bila ya viatu, ili mtetemo wa ngoma umpandie kwa miguu. Mwaka 2012 michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, yeye ndiye aliyewaongoza wapiga ngoma.

Nimemtaja bibi huyo kwa makusudi. Kijana wa leo akiona picha yake atasema kuwa Wazungu wameleta jambo jipya. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, Lindi kulikuwa na mtu aliyepiga peke yake, aliyekosa kiungo ambacho watu hukidhania kuwa hakina budi, na ambaye mlio wake ulisikiwa kila siku na mamilioni. Tofauti ni kwamba jina la huyu wa Ulaya huandikwa kwa herufi kubwa mlangoni, ilhali taarifa ya habari haina nafasi ya kumtaja mpigaji. Ngoma hulia, msomaji wa habari hujitaja jina lake, na habari zikaendelea.

Najua kuwa baadhi ya wasomaji wangu wamekwisha kununa. Watasema: wewe uliyesoma chuoni, waja kutusifia ngoma? Haya, na tuzungumze kwa adabu. Mimi si mufti. Masheikh wetu wana kauli zao juu ya vyombo, na hitilafu yao ni ya zamani. Dufu la harusi limeruhusiwa tangu zama za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Habib Swaleh alipoanza kusoma maulidi kwa matari kule Lamu, wako waliomkataza kwa ukali, na leo maulidi hayo yanahudhuriwa na watu kutoka pande zote za mwambao. Sitaki kuhukumu. Ngoma za Mzee Morris hazikuwa za ulevi wala za kukesha. Zilikuwa za kuwaambia watu wasikilize.

Lakini lililo zito kwangu si ngoma. Ni macho. Sote tuliopita chuoni twaijua Sura ya Abasa, na wengi tuliihifadhi kabla ya kuota meno ya pili. Twajua ni kipofu gani aliyeshukiwa nayo. Ni Ibn Umm Maktum, aliyekuja kumwuliza Mtume naye ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, na Mola wake akamkumbusha juu ya huyu aliyekuja mbio kwa kutaka kujua. Baada ya hapo alitukuzwa. Huko Madina alikuwa mwadhini pamoja na Bilali. Bilali aliadhini usiku bado upo, na watu wakaendelea kula daku mpaka waisikie sauti ya Ibn Umm Maktum, kwa kuwa yeye, kwa kutoona, hakuadhini mpaka aambiwe kuwa alfajiri imeingia. Mji mzima ulifunga kula kwa sauti ya mtu asiyeiona alfajiri. Na Mtume aliposafiri, zaidi ya mara moja alimwachia yeye mji wa Madina.

Sifananishi adhana na ngoma, Mungu apishe mbali. Nasema hivi tu: dini yetu ilikwisha kutufunza zamani kuwa kutoona si sababu ya mtu kuwekwa pembeni. Abul Ala al-Maarri alikuwa kipofu, naye ni katika washairi wakuu wa Kiarabu. Taha Hussein wa Misri, aliyefariki mwaka 1973, alikuwa kipofu tangu utotoni, naye akawa waziri wa elimu wa nchi yake. Haya tunayasoma na kuyasifu. Kisha twarudi nyumbani, na mtoto asiyeona tunamweka chumba cha uani wageni wasimwone, au tunamkalisha mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa akiwa na kopo.

Sasa nalitaja lile deni.

Mwaka 1994, au karibu na hapo, nilikuwa kijana, nami nilikuwa nikisaidia kusomesha katika chuo kimoja kisichokuwa mbali na kwetu. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake, mvulana wa miaka tisa au kumi, asiyeona. Kila siku baada ya adhuhuri alikuja naye amemshika mkono, akamkalisha kwenye benchi la mbele, na alasiri akamfuata. Mtoto yule alikuwa na kichwa chepesi. Wenziwe walisoma ubaoni mara kumi, naye alisikia mara mbili akawa amehifadhi. Katika muda mfupi alikuwa ameimaliza juzuu ya Amma zaidi ya nusu, na Abasa ikiwemo.

Alikuwa na tabia moja. Alipokuwa akisikiliza, vidole vyake havikutulia. Alipiga juu ya benchi, mkono huu mwendo mmoja na mkono ule mwendo mwengine, polepole, na vyote viwili vikakutana mahali. Sasa najua kuwa lile lilikuwa jambo gumu. Siku ile niliona utovu wa adabu. Nilimkataza mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu nilichukua bakora nikampiga vidoleni. Yeye hakuiona ikija, kwa hivyo hakuondoa mikono. Watoto wengine walicheka. Yeye hakulia, aliikunja mikono yake akaitia kwapani.

Baada ya wiki mbili au tatu hakuja tena. Nilikutana na bibi yake njiani, nikamwuliza. Alinijibu kwa heshima tu kuwa mtoto hataki. Ningeweza kwenda kwao nikamwomba radhi. Ningeweza kumweleza bibi yule kuwa Likoni kuna shule ya wasioona, na kwamba watoto husoma huko kwa vidole. Nilijua yote hayo. Nilijua pia, tangu barazani kwa ami yangu, kwamba zile ngoma nilizozisubiri kila usiku za utoto wangu zilipigwa na kipofu. Nilikuwa nikilisimulia jambo hilo kwa watu kama kioja. Lakini nilipopewa kipofu wa kwangu mwenye vidole vyenye hesabu, nilivipiga.

Ikapita miaka zaidi ya kumi. Siku moja nilikuwa Likoni nangoja feri, katika ule msongamano wa jioni. Kando ya njia alikuwa amekaa kijana na kopo. Nilitia sarafu, nikasema neno la salamu, kama watu wasemavyo. Aliinua uso, akasema, Maalim. Neno hilo moja tu. Aliijua sauti yangu kabla mimi sijaijua sura yake, ilhali mwenye macho ni mimi. Nilifungua mdomo niseme, na hapo hapo lango likafunguliwa. Msomaji aijuaye feri ya Likoni ajua namna watu wanavyosukumana lango likifunguliwa. Nilijikuta ndani ya chombo, naye nimemwacha nyuma. Nilirudi siku ya pili, na wiki iliyofuata mara mbili. Sikumwona tena. Niliuliza wauza karanga na wauza maji, na kila mmoja alisema alikuwako.

Redio ile ya Dar es Salaam imekwisha kubadilika jina, nayo sasa ni TBC. Betri na viti vya barazani vimeondoka, ami yangu amefariki, na yule bwana aliyechekwa kwa kusema kweli naye amefariki, Mola awarehemu. Lakini ngoma za Mzee Morris ziliendelea kutangulia habari hata baada ya mwenyewe kulala kaburini. Kila nizisikiapo, jina lake hulitamka, hata nikiwa peke yangu.

Basi neno langu kwa wasomaji wa Bamburi, Kisauni, Likoni, Changamwe na kwengineko ni hili. Ukiwa na mtoto asiyeona, mtoe nje, mpeleke chuoni na mpeleke shule. Ukimkuta anagonga meza kwa vidole, usimkataze mpaka umesikiliza kwanza anagonga nini. Na wewe maalim mwenzangu uliye na bakora, iweke.

Na ikiwa yuko amjuaye kijana niliyemtaja, ambaye sasa ni mtu mzima, namwomba amsomee makala haya. Hana haja ya kunijibu. Nataka ajue tu kwamba yule maalim wake ana habari kuwa alikosa, na kwamba deni lile bado analo.